Ndege Inayoruka Chali

Kwa miaka 11 nilichora bawa la ndege ubaoni kwa namna ileile: juu limebinuka kama mgongo wa kobe, chini limenyooka. Kisha nilieleza, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali, kwamba hewa inayopita juu ya bawa ina safari ndefu kuliko inayopita chini, kwa hiyo hulazimika kukimbia ili zikutane kwa wakati mmoja kwenye ukingo wa nyuma. Na kwa kuwa hewa inayokimbia hupungua mgandamizo, bawa hufyonzwa juu na ndege hupaa. Wanafunzi walinakili, mitihani ilikuja, wakajibu kama nilivyowafundisha, nami nikawawekea vema.

Jioni moja mwaka jana, kijana wa kidato cha tatu alinisubiri kwenye duka lililo karibu na nyumbani kwangu, Pasiansi, Mwanza, kwa sababu simu haziruhusiwi shuleni na alichotaka kunionesha kilikuwa ndani ya simu ya kaka yake. Aliniamkia, akanikabidhi. Kwenye kioo kilichopasuka pembeni palikuwa na ndege ndogo nyekundu, yenye pangaboi moja puani, ikipita chini sana juu ya uwanja wa majani kwa mwendo mkali, magurudumu yameangalia mawingu na kichwa cha rubani kinaning'inia kuelekea ardhini. Ilipita hivyo urefu wote wa uwanja, imetulia kama basi la Shinyanga kwenye lami.

"Mwalimu," alisema, "hapa mgongo wa kobe uko chini. Mbona haifyonzwi kwenda chini?"

Nilimjibu kwamba nitalifanyia kazi suala lake. Ni jibu ambalo kila Mtanzania amewahi kupewa dirishani kwenye ofisi fulani, na kila aliyepewa anajua maana yake.

Safari hii, hata hivyo, nililifanyia kazi kweli, kwa kuwa swali lilikataa kuniacha. Nilichokigundua kwanza ni kwamba ile habari ya hewa mbili kuagana mbele ya bawa na kukutana nyuma yake haina msingi wowote. Hakuna sheria ya maumbile inayoitaka hewa ya juu imsubiri mwenzake. Moshi ukipitishwa juu na chini ya bawa ndani ya chumba cha majaribio ya upepo, ule wa juu hufika nyuma mapema zaidi, wala haugeuki kutazama. Ni kweli kwamba hewa ya juu hukimbia, na ni kweli kwamba mgandamizo wake hupungua. Uongo ulikuwa kwenye sababu niliyoitoa. Bawa hunyanyua ndege kwa sababu linaipokea hewa kwa pembe, linaipindisha na kuitupa chini, na kwa kanuni ya tatu ya Newton, ambayo niliifundisha miezi miwili kabla ya bawa bila kuona undugu wao, hewa nayo hulisukuma bawa juu.

Uthibitisho niliupata kwenye boti ya kwenda Saanane, tulipowapeleka wanafunzi kuiona hifadhi ile ndogo iliyo mbele ya Capri Point. Nilikaa ukingoni, nikazamisha kiganja cha mkono wa kulia majini, kimelala bapa, kidole gumba kikitangulia. Maji yalipita bila kukisumbua. Nilipoinua kidogo sana upande wa kidole gumba, mkono mzima ulirushwa juu hadi kwenye kiwiko, kwa nguvu ambayo sikuitarajia. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, kwa hiyo mwendo wa boti ndogo unatosha kuonesha kile ambacho ndege hukitafuta kwa mamia ya kilomita kwa saa. Kisha nikageuza kiganja kikaangalia juu, kidole kidogo sasa ndicho kikitangulia, nikainua tena ukingo wa mbele. Mkono ukarushwa juu vilevile. Haukujali mgongo wake uko upande gani. Ulijali pembe tu. Nilikuwa nataka kurudia mara ya tatu, lakini nahodha aliniuliza kwa upole kama mkono ule nina haja nao, kwa sababu humo mna mamba.

Basi ndege huruka chali hivyo. Rubani akishaigeuza, husukuma usukani mbele badala ya kuuvuta, pua huinuka kuelekea mbinguni, na bawa lililopinduliwa huipokea hewa kwa pembe inayofaa. Bawa la ndege ya kawaida, lenye kile kibiongo changu cha ubaoni, hulazimika kuinua pua zaidi ili kufidia umbo lililo kinyume. Ndege zilizotengenezwa kwa ajili ya sarakasi hazina shida hiyo. Extra 300, aliyoibuni Mjerumani Walter Extra, ina bawa ambalo juu na chini ni sawa, kama samaki aliyetazamwa kutoka mgongoni, ili kuruka chali na kuruka kawaida viwe kwake jambo moja. Kwa ndege hiyo mchoro wangu wa miaka 11 hauelezi kitu chochote.

Hapa Mwanza hatuna maonesho ya sarakasi za angani. Tunazo ndege za abiria zinazoingia na kutoka kwenye uwanja ulio kando ya ziwa, mara mojamoja ndege ya kivita inayopita na kuacha kishindo chake nyuma, na mwewe wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, ambao hujipindua juu ya dagaa walioanikwa kwa ustadi unaomfanya mwenye dagaa ashindwe kurusha hata jiwe. Kwa hiyo mafunzo yangu yote niliyapata kwenye simu, usiku, nikitazama video moja baada ya nyingine, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kusikiliza watazamaji badala ya injini. Nilianza kuona kwamba umati hupiga kelele mahali pasipo na hatari na hunyamaza penye hatari.

Chukua kitanzi, yaani ndege inapopanda wima, ikalala chali juu kabisa, kisha ikashuka upande wa pili na kufunga duara. Watu hupiga kelele ikiwa juu, imelala chali. Nami nilidhani juu ndiko kwenye hatari, mpaka nilipochukua ndoo uani kwangu. Watoto wote wa pwani hii wanaujua mchezo huo: unatia maji kwenye ndoo, unaizungusha kwa mkono kutoka chini kupita juu ya kichwa, na maji hayamwagiki. Niliweka kadiri ya kilo 3 za maji, nikazungusha mara nne mbele ya wanangu, na mara ya tano mshikio ukachomoka. Haukuchomoka ndoo ikiwa juu. Ulichomoka ikiwa chini, ikipita karibu na goti, na ndoo ikaenda kumaliza safari yake kwenye ukuta wa jirani.

Hesabu yake ni fupi. Ikiwa ndoo inapita juu kwa mwendo mdogo kabisa unaoyazuia maji yasimwagike, basi ikifika chini, baada ya kuuongeza mwendo wake kwa kuteremka, mshikio hubeba mara sita ya uzito wa ndoo na maji yake. Kilo 3 zangu zilikuwa zimekuwa 18. Juu kabisa mshikio haukubeba chochote. Ndege haikufungwa kamba na rubani anaweza kuliumba duara lake kwa namna nyingine, lakini mpangilio ni huohuo: juu ndege ni nyepesi, inakwenda polepole, rubani anatazama huku na huku kuitafuta ardhi; chini ndege ni nzito, ina kasi, na ardhi haihitaji kutafutwa.

Aliyefanya kitanzi cha kwanza duniani alikuwa ofisa wa jeshi la Urusi, Pyotr Nesterov, mjini Kyiv mwezi Septemba mwaka 1913, miaka kumi tu tangu ndege ya kwanza yenye injini ipae. Alikuwa mtu wa hesabu. Alikwisha kukokotoa kwamba jambo linawezekana kabla ya kupanda. Aliposhuka salama, wakuu wake walimpa adhabu ya kifungo cha siku 10 kwa kuhatarisha mali ya serikali. Mtumishi wa umma yeyote aliyewahi kuandika barua ya kujieleza kwa sababu ya pikipiki ya idara atamwelewa. Muda mfupi baadaye Mfaransa Adolphe Pégoud naye alifanya kitanzi, dunia ikamshangilia, na wakuu wa Nesterov wakaona ni heri kumpandisha cheo.

Uzito ule wa chini haubebwi na ndege peke yake. Rubani wa sarakasi hukutana na mara 8 au 9 ya uzito wake mwenyewe. Mtu wa kilo 70, kwa muda huo, ana kilo 630: magunia sita ya mahindi na ziada, yaliyokaa kwenye kiti kimoja. Damu nayo huwa nzito, na moyo hushindwa kuipandisha kichwani. Kwanza rangi hupotea machoni, kisha uwezo wa kuona hujifunga kutoka pembeni kama mtu anayetazama kupitia bomba, kisha giza, kisha kuzimia. Rubani hupigana na hali hiyo kwa kukaza miguu, makalio na tumbo na kuvuta pumzi fupifupi kwa nguvu, na hufanya hivyo huku anahesabu nyuzi za pembe. Akisukuma usukani upande mwingine mambo hugeuka: damu hukimbilia kichwani, macho huwa mekundu, na mwili huvumilia hali hiyo kwa shida kubwa zaidi. Watazamaji hawaoni lolote katika hayo. Wanaona ndege nzuri inayochora moshi mweupe, ambao ni mafuta tu yaliyonyunyizwa kwenye bomba la moshi lenye joto.

Kisa kilichonikalia kichwani kuliko vyote ni cha Mwingereza Neil Williams. Mwaka 1970, huko Hullavington, alikuwa anafanya mazoezi na ndege aina ya Zlin. Alipokuwa akivuta usukani kutoka kwenye mteremko ili arudi kwenye usawa, mahali palepale ndoo yangu ilipoachana na mshikio, alisikia mlio mkubwa, na bawa la kushoto likaanza kujikunja kwenda juu. Mhimili wa chini wa bawa ulikuwa umekatika kwenye shina. Ndege ilikuwa inajiviringisha kuelekea ardhini na haikuitii mikono yake.

Fikiria bawaba ya mlango. Inafunguka upande mmoja; upande wa pili vyuma viwili vinakutana na kukataa. Bawa la Williams lilikuwa limegeuka bawaba: mradi ndege imekaa kawaida, hewa ililisukuma juu na likafunguka. Kama angeweza kuifanya hewa ilisukume upande wa pili, lingejifunga. Kwa hiyo, akiwa karibu sana na miti, aliipindua ndege ikalala chali. Bawa likarudi mahali pake kwa kishindo. Alipanda tena, akiwa amening'inia kwenye mikanda, akazunguka kuufikia uwanja, na akaja kutua akiwa bado chali. Sekunde ya mwisho, ndege ikiwa inagusana na majani, aliipindua. Bawa lilijikunja kama lilivyotaka tangu mwanzo, ndege ikaserereka kwa tumbo, naye akatoka ndani yake kwa miguu yake. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na kila mara nasimama palepale: kuruka chali, ambako sisi tunakuita maajabu, ndiko kulikokuwa mahali pake pekee pa usalama.

Kujiviringisha ni hadithi tofauti kabisa, kwa sababu hapo macho hudanganyika kwa upande wa pili. Mwezi Agosti 1955, umati mkubwa ulikuwa kando ya Ziwa Washington, Seattle, nchini Marekani, ukitazama mashindano ya boti za kasi. Ziwa hilo ni kiganja tu ukililinganisha na letu. Juu yao ikapita ndege kubwa ya injini nne za jeti, ile ambayo baadaye ilizaa Boeing 707, na rubani wake Tex Johnston akaiviringisha mzunguko mzima, kisha akairudia mara ya pili, kwa wale ambao labda walikuwa wanaangalia boti. Mkuu wa kampuni ya Boeing alikuwepo na wageni wake, na ilikuwa ndege pekee ya aina yake. Kesho yake Johnston aliitwa ofisini kujieleza. Alisema alikuwa anauza ndege.

Jambo ambalo mkuu wake hakuliona kutoka chini ni kwamba ndege haikusumbuka. Kujiviringisha kwa njia ile, huku ndege ikichora mstari kama wa skrubu hewani, huweza kufanywa kwa namna ambayo kila kilichomo ndani huendelea kukandamizwa kwenye sakafu kwa takriban uzito wake wa kawaida. Mimi mwenyewe nimeionja robo yake. Nikirudi kutoka Dar es Salaam, ndege ilipoinama juu ya ziwa ili kuuelekea uwanja, dirisha langu lilijaa maji na la mwenzangu ng'ambo ya pili likajaa anga, lakini kikombe changu cha maji kilikaa kimya, na maji ndani yake yalikuwa sambamba na meza, si sambamba na ziwa. Maji hayajui kwamba ndege imeinama. Yanajua tu yanakosukumwa. Mmarekani Bob Hoover alilifikisha jambo hilo mwisho wake: aliweka bilauri juu ya sehemu iliyo mbele ya kiti, akaiviringisha ndege kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamimina chai ya baridi kutoka kwenye jagi. Haikumwagika. Nimeona wauza kahawa wa mjini kwetu wakikaribia ustadi huo kwenye msongamano wa stendi, ingawa wao husimama juu ya ardhi.

Hoover huyohuyo alikuwa na onesho jingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko chai. Akiwa hewani na ndege yake ya injini mbili, alizima injini zote mbili. Kwa kimya hicho alishuka kupata kasi, akafanya kitanzi, akaiviringisha ndege kwa vituo vinane, yaani kwa kusita kidogo mara nane, akageuka, akatua, na mwendo uliobaki ukaisogeza ndege ardhini hadi mbele ya watazamaji, bila kuwasha kitu. Hii ni hesabu ya akiba, na mama yeyote wa kikundi cha kuweka na kukopa angeielewa haraka kuliko mimi. Kimo ni fedha iliyowekwa. Kasi ni fedha iliyo mkononi. Unaweza kubadilisha moja kuwa nyingine, na kila ubadilishapo upepo hukata ada yake. Hoover alijua salio lake hadi senti ya mwisho.

Asiyelijua salio lake huanguka. Shoreham, Uingereza, tarehe 22 Agosti 2015, ndege ya zamani ya kivita aina ya Hunter iliingia kwenye kitanzi ikiwa na kasi pungufu, ikafika juu ikiwa na kimo pungufu, na badala ya kuachana na duara hapo juu, ambako bado palikuwa na nafasi ya kujiviringisha na kuondoka, ikaendelea kushuka. Duara halikutosha. Ndege ilianguka barabarani na kuua watu 11, ambao wengi wao hawakuwa hata wamekuja kutazama. Walikuwa wanapita zao. Rubani alipona. Kwa waliokuwa wakitazama, ndege ile ikiwa juu ilikuwa nzuri kama nyingine yoyote.

Kuzunguka kama pia ya kuchezea nako kulikuwa kifo kwa marubani wa mwanzo. Bawa likiinuliwa pembe kupita kiasi, mara nyingi kwenye nyuzi 15 hivi, hewa huacha kulifuata na nguvu ya kunyanyua hupotea. Upande mmoja ukitangulia kupotea, ndege huangusha pua na kuanza kujizungusha ikielekea chini. Mikono ya binadamu hapo huvuta usukani ili kuinua pua, na kufanya hivyo kunazidisha kosa lilelile. Agosti 1912, Mwingereza Wilfred Parke alijikuta humo, na baada ya kujaribu yote yasiyofaa, akasukuma usukani wa mkiani kinyume cha mzunguko. Ndege ilitulia ikiwa imebakiwa na kadiri ya mita 15. Leo dawa kamili inafundishwa kwa kila rubani wa sarakasi: punguza injini, kanyaga kinyume cha mzunguko, na sukuma pua kuielekea ardhi unayoiogopa. Wao huingia kwenye pia hiyo kwa makusudi, huhesabu mizunguko, na hutoka wakiwa wameelekea palepale walipopanga.

Nilimaliza kuandika notisi mpya mwezi wa tatu. Nilimwita yule kijana, nikampa azisome kabla ya wenzake, kwa kuwa ndiye aliyezidai. Alizisoma zote amesimama, akarudi kwenye sehemu ya kuruka chali, akauliza: "Sasa mwalimu, ndege ikiwa chali, mafuta si yanaangukia juu ya tangi? Injini inavutaje?" Nilikuwa na jibu safari hii. Mdomo wa mpira wa mafuta umening'inizwa huru ndani ya tangi na umefungwa kitu kizito, kwa hiyo popote mafuta yanapoangukia, nao huangukia hukohuko. Alinitazama kama mtu anayepima bei sokoni, akaaga.

Jumatatu alikuja na chupa ya soda ya plastiki. Alikuwa ameitoboa ubavuni kwa msumari wa moto, akapitisha mpira mwembamba wa dripu, akaziba kwa gundi, na ncha ya ndani akaifunga nati ndogo ya baiskeli. Ndani mlikuwa na juisi ya ukwaju hadi nusu. Aliweka ncha ya nje mdomoni, akavuta, juisi ikapanda. Kisha akaipindua chupa kifuniko chini. Nati iligonga plastiki mara moja, ikazama upande mpya, naye akaendelea kunywa, chupa ikibonyea kidogokidogo, macho yake yakiwa kwangu.